Je, Mnyonge Hana Haki?

Wazee wetu wametuachia semi mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zaonekana kumhukumu mdogo kabla hajasikilizwa. Wa kwanza wasema kuwa mnyonge hana haki. Wa pili wasema, mwenye nguvu mpishe. Mtu azisikiapo aweza kudhani kuwa hizo ndizo sheria za ulimwengu, na kwamba mwenye busara hana budi kuzifuata kama afuatavyo majira ya kusi na kaskazi. Lakini semi zina namna mbili za kunena. Nyingine huamuru na nyingine huarifu. Aliyesema kwanza kuwa mnyonge hana haki yumkini alikuwa mnyonge mwenyewe, naye alitoa kilio wala hakutoa amri. Alituarifu yalivyo mambo. Hakutuambia kuwa ndivyo yapasavyo kuwa.

Insha hii yataka kuutazama usemi huo katika mambo ya mataifa, na hasa ya visiwa vidogo vya bahari yetu. Je, kisiwa kidogo chaweza kuwa na nafsi yake na sauti yake katika eneo lake, hali dola kubwa zikishindana juu ya bahari inayokizunguka? Na ikiwa chaweza, ni kwa haki gani na kwa njia gani? Swali hili si la mabaharia na mabalozi tu. Ni swali la kila mtu aliyewahi kukaa meza moja na mkubwa kuliko yeye.

Tuanze na yaliyotokea. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zilitoa tamko la pamoja kuwa kila moja itauheshimu uhuru wa Zanzibar na wa Maskati. Dola mbili kubwa ziliahidiana juu ya dola mbili ndogo, na ahadi ikaandikwa. Haikupita miaka 30. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar, nayo ikapokea kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Ufaransa ilipolalamika kuwa tamko la 1862 limevunjwa, ilitulizwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo kwa kuachiwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Kisiwa kilipewa thamani ya kisiwa, kama vile mtu apimavyo pishi ya mpunga kwa pishi ya mtama. Watu wa Unguja na Pemba hawakuulizwa. Watu wa Bukini hawakuulizwa. Hata watu wa Heligoland, ambao ni Wazungu, hawakuulizwa. Na tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid alipokaa katika kiti cha ufalme bila idhini ya Waingereza, manowari ziliipiga jumba lake kwa mizinga, na vita vikaisha kabla saa moja haijatimia. Watu wapatao 500 waliuawa au walijeruhiwa.

Kutokana na habari hizi yatokea fundisho la kwanza. Ahadi ya wakubwa juu ya mdogo hudumu kadiri wakubwa wanavyopatana kwayo, na mdogo asipokuwa mmoja wa waliotoa ahadi, hana pa kuidai. Tamko la 1862 lilikuwa jema kwa maneno, lakini lilikuwa na kasoro moja: lilisemwa juu ya Zanzibar, halikusemwa na Zanzibar. Anayesemewa daima aweza kunyamazishwa na msemaji wake.

Basi mdogo afanye nini? Nikitazama historia ya visiwa vya upande wetu wa Bahari ya Hindi naona njia tatu ambazo vimezijaribu. Ya kwanza ni kusimama peke yake. Ya pili ni kumkodishia mkubwa nafasi. Ya tatu ni kuungana na mwingine. Kila njia ina sababu yake, na kila njia ina hatari yake. Si haki kuzisifu au kuzilaumu bila kuzipima.

Njia ya kusimama peke yake ndiyo ya fahari kuliko zote. Visiwa vya Komoro vilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Lakini visiwa vilikuwa vinne, na wengi wa watu wa kimoja, Mayotte, walichagua kubaki na Ufaransa. Tangu mwaka 2011 kisiwa hicho ni mkoa kamili wa Ufaransa, ingawa Umoja wa Mataifa ulikwisha kusema mara nyingi kuwa ni sehemu ya Komoro. Vile vitatu vilivyobaki vilipata mateso ambayo nchi kubwa haiyajui. Mamluki mmoja wa Kifaransa, Bob Denard, alishiriki kupindua serikali mwaka 1975, akarudi mwaka 1978 na kundi dogo la watu waliotoka baharini, na jina lake likasikika tena katika fujo za 1989 na 1995. Hebu msomaji afikiri: ni nchi gani kubwa iwezayo kupinduliwa na watu wachache walioshuka pwani usiku? Uhuru wa peke yake ni haki, lakini haki isiyo na mlinzi huwa kama nyumba nzuri isiyo na mlango.

Njia ya kukodisha ndiyo iliyozoewa zaidi siku hizi. Shelisheli ilikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatia vyombo vya angani katika kisiwa cha Mahé tangu mwaka 1963, kabla ya uhuru wake wa 1976, na kituo hicho kilikaa mpaka mwaka 1996. Jibuti, ambayo si kisiwa lakini ni ndogo kama visiwa, imezikaribisha Ufaransa, Marekani na Japani, na mwaka 2017 China nayo ikafungua kambi yake huko. Mwezi wa Februari 2024 katika kisiwa cha Agaléga, kilicho chini ya Morisi, zilifunguliwa njia ya kurukia ndege na gati zilizojengwa na India. Mwenye kukodisha ana hoja yake: hana mafuta wala dhahabu, ana mahali tu, na mahali pake ndipo patakwapo na wengine. Kwa nini asile kwa jasho la jiografia yake?

Sioni aibu katika hoja hii. Mwenye nyumba apangishaye chumba hajauza nyumba. Lakini kuna alama moja ya kumtambua mwenye nyumba, nayo ni uwezo wa kumwambia mpangaji aondoke. Zanzibar ilikuwa na kituo cha Wamarekani huko Tunguu, kilichojengwa kwa ajili ya safari zao za kwanza za angani. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondoke, nacho kikaondoka. Haidhuru kwa sasa kama amri hiyo ilikuwa ya busara au la. Liwalo lote, ilidhihirisha kuwa mwenye mahali bado ni mwenyewe. Mkataba ambao mdogo hawezi kuufunga wala kuufungua si upangaji tena. Ni uhamisho wa mwenye mali.

Mfano wa uhamisho huo ni Chagos. Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza iliviondoa visiwa hivyo katika Morisi, ambayo haikuwa huru bado, ili Marekani ipate kambi Diego Garcia. Kati ya miaka ya 1968 na 1973 wakazi wote wa visiwa hivyo walihamishwa kwenda Morisi na Shelisheli. Hapa usemi wetu ulikuwa umetimia kwa ukamilifu wake: mnyonge hakuwa na haki hata ya kaburi la babu yake.

Sasa tuifikie njia ya tatu, ambayo yatuhusu sisi wenyewe na ambayo ni ngumu kuiandika bila kumkera mtu. Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Karume walitia sahihi Mapatano ya Muungano, na tarehe 26 Aprili nchi mbili zikawa moja. Wakati huo dola kubwa zilikuwa zikiitazama Unguja kwa macho makali. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa imeitambua serikali mpya upesi na kuisaidia kujenga nyumba. China na Urusi zilikuwapo. Marekani na Uingereza zilihofu. Wako wasemao kuwa Muungano ulizaliwa na undugu wa watu wa pwani na bara, na wako wasemao kuwa ulizaliwa na hofu ya wakubwa. Sioni lazima ya kuchagua kimoja. Mtoto aweza kuzaliwa siku ya mvua na bado akawa mtoto wa wazazi wake.

Lililo muhimu kwa swali letu ni kilichofuata. Ujerumani ya Magharibi haikutaka kuona bendera ya Ujerumani ya Mashariki mahali popote. Serikali ya Muungano ilitafuta njia ya katikati: ubalozi wa Zanzibar uondoke, na Ujerumani ya Mashariki iwe na konseli tu Dar es Salaam. Hata hilo halikuwaridhisha Wajerumani wa Magharibi, nao mwanzoni mwa 1965 wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Mwalimu akajibu kwa kuwaambia wachukue na msaada uliobaki. Twaona mambo mawili katika kisa hiki, na mwaminifu hana ruhusa ya kuona moja na kuficha jingine. Kisiwa kilipoteza ubalozi wake, yaani sehemu ya sauti yake nje. Na kisiwa pamoja na bara kilipata uwezo wa kuiambia dola tajiri kuwa heshima yetu haina bei. Kisiwa peke yake kingeweza kusema neno hilo, lakini ni nani angelisikia?

Hapo ndipo yatokeapo maswali ya haki ndani ya muungano. Mapatano ya 1964 yalikuwa na mambo 11 ya Muungano. Leo orodha ya Katiba ina mambo 22. Wananchi wa pande zote mbili hawakupigiwa kura ya maoni. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992, ililazimika kujitoa mwaka 1993 kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Na mwaka huohuo kundi la wabunge, lililoitwa G55, likadai serikali ya Tanganyika. Hata katika michezo, Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika mwezi wa Machi 2017, na kabla ya Agosti uanachama huo ukafutwa. Kwa upande mwingine, Zanzibar ina Rais wake, Baraza lake la Wawakilishi, Katiba yake ya 1984, na tangu 2005 bendera yake.

Naandika haya nikiwa Malampaka, wilayani Maswa katika mkoa wa Simiyu, mbali na bahari, na huku swali la visiwa huulizwa kwa namna nyingine. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Simiyu ina watu zaidi ya milioni 2, na Zanzibar nzima haikufika milioni hizo. Mkulima wa pamba wa hapa aweza kuuliza kwa haki: mbona hao wachache wana Rais na bendera, na sisi walio wengi tuna Mkuu wa Mkoa? Aweza kuongeza: mbunge atokaye visiwani hupiga kura Dodoma juu ya mambo ya bara yasiyo ya Muungano, na mbunge wetu hana kura katika Baraza la Wawakilishi. Hili si swali la chuki, wala halistahili kujibiwa kwa kemeo.

Jibu langu ni hili. Idadi hupima mzigo na mgao; haipimi ahadi. Ikiwa ni kugawa shule, visima na barabara, vichwa na vihesabiwe, na Simiyu ipate sawasawa na watu wake. Lakini Zanzibar haikuingia katika Jamhuri kama mkoa ulioongezwa. Iliingia kama mmoja wa wawili waliopeana mkono. Aliyepeana mkono hapunguziwi haki kwa kuwa mkono wake ni mdogo. Maharusi wawili wakifunga ndoa, hatuwapimi kwa mizani ili tujue nani ana haki ya kusema nyumbani. Hata hivyo mwenye mkono mdogo naye hana ruhusa ya kutumia udogo wake kama cheti cha kusamehewa kila wajibu. Ikiwa hesabu ya madaraka ina upungufu kwa upande wa bara, upungufu huo una haki ya kuzungumzwa mezani kama ule wa visiwani. Muungano wa haki ni ule ambamo kila upande waweza kulalamika bila kuitwa adui.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa visiwa hulisahau. Ukubwa na udogo havikai mahali pamoja. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na aliye chungu mbele ya tembo huwa tembo mbele ya sisimizi. Morisi ilikuwa ndogo mbele ya Uingereza, lakini ni kubwa mbele ya watu wa Chagos. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia sahihi mkataba wa kuirudishia Morisi mamlaka ya visiwa hivyo, na kwa maandishi ya mkataba huo kambi ya Diego Garcia itabaki kwa miaka 99; wengi wa watu wa Chagos walinung'unika kuwa serikali mbili zimepatana juu yao pasipo wao. Komoro ilidhulumiwa na wakubwa, lakini watu wa Nzwani walipotangaza kujitenga mwaka 1997 walisema kuwa wao nao wamepuuzwa na serikali iliyoko Ngazija. Na mwezi wa Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wakiwamo wa Tanzania, walisaidia kuirudisha Nzwani chini ya serikali ya Komoro. Na ndani ya Zanzibar yenyewe, Pemba imekuwa na manung'uniko yake juu ya Unguja. Basi adaiye haki ya mdogo na aangalie chini ya miguu yake, pengine amemkanyaga mdogo mwingine. Haki idaiwayo juu na kunyimwa chini si haki. Ni zamu ya kuonea.

Tukisha kukubali hayo, je, mdogo ana silaha gani zisizomtegemea mkubwa? Naziona mbili.

Ya kwanza ni sheria ikitumiwa pamoja na wenzake. Morisi haikuwa na manowari ya kwenda Diego Garcia, lakini ilikuwa na wenzake. Mwezi wa Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilitoa maoni kuwa kuondolewa kwa Chagos mwaka 1965 hakukuwa halali, na tarehe 22 Mei mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Katika ukumbi ule kura ya Shelisheli ina uzito sawa na kura ya Marekani. Wengine hucheka kuwa kura hazizamishi meli. Ni kweli, lakini bila ya kura hizo Uingereza isingekaa mezani na Morisi. Kadhalika Komoro, Madagaska, Morisi, Shelisheli, na Ufaransa kwa ajili ya Réunion, zimejumuika katika Kamisheni ya Bahari ya Hindi iliyoanzishwa mwaka 1982. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kisiwa kimoja hakiandiki sheria ya bahari.

Silaha ya pili ni ya ajabu zaidi, maana hufanya kazi kwa kutolewa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Najua kuwa uamuzi huo ulikuwa wa wakoloni, tena uliikosea haki lahaja ya Kimvita yenye hazina kubwa ya ushairi. Lakini lugha haikubaki mikononi mwa walioichagua. Reli ilipofika Mwanza mwaka huohuo wa 1928, ikipita katika nchi ya Wasukuma, lugha ya pwani ilisafiri juu yake. Leo katika mnada na stesheni ya Malampaka, Msukuma na Mnyantuzu, Mhaya na Mkurya hununua na kuuza kwa lugha ambayo kisiwa cha Unguja kiliitia sauti. Makampuni ya Kichina yaliyopewa mwaka 2021 kazi ya kujenga reli mpya kati ya Mwanza na Isaka huwaagiza vibarua wao kwa lugha hiyohiyo. Mwaka 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji alihutubia Umoja wa Afrika kwayo, na mwaka 2021 UNESCO iliitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Hakuna mizinga iliyofanya hayo, wala hakuna awezaye kukitoa Kiswahili katika eneo hili kwa mizinga.

Mtu aweza kupinga na kusema: kilichotolewa kimepotea, Kiswahili sasa ni cha wote, basi Mzanzibari amebakiwa na nini? Amebakiwa na yale ambayo mtoaji hubakiwa nayo siku zote, yaani nafasi katika kumbukumbu ya mpokeaji. Lakini nafasi hiyo ina deni, na deni ni letu sisi tuliopokea. Mwanafunzi wa bara anayesoma Kiswahili na kumdhihaki mtu wa kisiwani kuwa ni mdogo mno kuwa na neno lake, amekula chakula akamtukana mpishi. Vilevile mtu wa kisiwani amchekaye Msukuma kwa matamshi yake amesahau kuwa lugha yake imekuwa kubwa kwa vinywa vile vile anavyovicheka.

Basi turudi kwa usemi wetu. Mnyonge hana haki, ikiwa haki ni kile ambacho mtu aweza kukichukua kwa nguvu. Lakini ikiwa hivyo ndivyo, mkubwa naye hana haki. Ana nguvu tu, na nguvu itakapompungukia atajikuta uchi. Haki ya mdogo yakaa katika neno lililotolewa mbele ya wengi na kukumbukwa, katika mkataba uwezao kufungwa na kufunguliwa na pande zote, na katika kipawa kilichowafaa jirani hata wakakiona chao. Dola kubwa zitaendelea kushindana katika bahari yetu. Majina yake yamebadilika tangu 1890 na yatabadilika tena. Sisi tusio na manowari tuna kazi moja iliyo katika uwezo wetu: kumtendea aliye mdogo kuliko sisi, ndani ya nyumba yetu wenyewe, kama tutakavyo wakubwa watutendee. Taifa lisiloweza kufanya hilo kwa Nzwani, kwa Pemba, kwa watu wa Chagos, au kwa kijiji cha mbali cha Simiyu, halina la kuiambia dunia.